Hasira Husema Kinyambo

Usiku ule uani kwa kuhani mkuu, Petro aliumbuliwa na lafudhi yake. Mathayo anaeleza katika sura ya 26 kwamba waliokuwa wamesimama pale walimwambia hana pa kujificha, maana namna yake ya kusema inataja alikotoka. Alikuwa mvuvi wa Galilaya, mkoa wa kaskazini, na pale alikuwa Yerusalemu, kwa wenye mji, akijitahidi kuonekana mpita njia. Mara mbili alikuwa ameshakana. Kukana kwa namna hiyo ni kuigiza: mtu anavaa nafsi isiyo yake na kuisemea mbele ya watu. Maneno yake yalikuwa sawa na kisa chake kiliingia akilini, ila sauti ilibaki ya Galilaya. Alipoona wamemshtukia, akaanza kulaani na kuapa. Mwandishi wa Injili hasemi viapo vile vilitoka kwa lafudhi gani. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mazoezi ya maigizo anaijua.

Ijumaa Kuu kisa hicho huigizwa makanisani na vigangoni katika sehemu nyingi za Tanzania, na ukitaka kuelewa jinsi lafudhi inavyomponyoka mwigizaji, Nkwenda ni mahali pazuri pa kukitazama. Nkwenda ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, katika kona ya Mkoa wa Kagera inayopakana na Uganda na Rwanda. Ukitoka Omurushaka kwenda Murongo, mpakani mwa Uganda, ndiko unakopita: migomba pande zote, kahawa ya robusta imeanikwa juani, maduka, bodaboda. Kinyambo ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi. Kando yake utasikia Kihaya, Kinyankore cha ng'ambo ya Mto Kagera, Kihangaza, Kinyarwanda, hata Kisukuma cha wafugaji waliohamia. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi, ya gulio na ya kanisa.

Kijana anayepewa nafasi ya Petro kwa kawaida ni yule anayesoma masomo ya misa bila kukwama. Amekariri maneno yake. Mwalimu wa kwaya amemrudisha mara nyingi kwenye kila neno lenye dh, mpaka ulimi umezoea. Kukana kwa kwanza kunapita safi. Kwa pili pia. Kwa tatu watu wanamzunguka, anapandisha sauti, anajipiga kifua, na hapo dhambi inakuwa zambi, thamani inakuwa samani, na sentensi nzima inapanda na kushuka kama inavyopanda na kushuka jikoni kwa mama yake. Waumini hawashtuki, kwa sababu hiyo ndiyo sauti yao. Mgeni kutoka Dar es Salaam, akiwa amekaa benchi la nyuma, atasema kijana ameteleza. Mimi nasema hapo ndipo igizo limefika. Kwa sekunde chache Petro wa Nkwenda na Petro wa Galilaya wamekuwa mtu mmoja, wakiumbuliwa na kitu kilekile, kwenye mstari uleule.

Sura hii inahusu kuteleza huko: kunatokea wapi, kwa nini, na mwigizaji akufanyie nini.

Nianze na kilicho rahisi. Kinyambo hakina sauti za dh, th na gh ambazo zimeingia katika Kiswahili sanifu pamoja na maneno ya Kiarabu, kwa hiyo gharama huwa garama na dhahabu huwa zahabu. Hilo si la Wanyambo peke yao. Ni la karibu bara lote, na hata ndani ya daladala za Dar es Salaam utalisikia kutwa. Halafu kuna l na r. Lugha za Kagera zinazo zote mbili, lakini mpaka kati yake hauko palepale ulipo katika Kiswahili, kwa hiyo mzungumzaji anaweza kuiweka moja mahali pa mwenzake na sikio lake lisione kosa lolote. Jukwaani jambo hilo linauma pale tu linapogeuza maana. Mgombea katika igizo la uchaguzi akiahidi kwa uchungu kwamba atalinda kula za wananchi, ukumbi utacheka mahali ambapo mtunzi alitaka watu wanyamaze.

Konsonanti hizi zinafundishika. Mwigizaji mwenye bidii akikaa na matini yake, akapigia mstari kila dh na kila r, baada ya majuma machache ulimi unatii. Ndiyo maana walimu wengi wa maigizo wanaishia hapo. Wamesahihisha herufi, wakadhani wamesahihisha lafudhi.

Urefu wa irabu ni mgumu zaidi. Katika Kinyambo irabu inayotangulia sauti kama mb, nd au ng huvutwa, na inayofuata w au y ya kati ya silabi huvutwa pia. Mzungumzaji hachagui kuivuta. Ndivyo lugha ilivyo. Kiswahili chenyewe huvuta kidogo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mtu wa Nkwenda akisema "ndugu yaangu" hakuna atakayegundua kitu, maana mvuto wake umeangukia penyewe. Sasa mpe neno "nimemwandikia". Mkazo wa Kiswahili uko kwenye "ki". Yeye ana mwa, yenye w nyuma yake na nd mbele yake, sababu mbili za kuvuta kwa mpigo mmoja, na atasema "nimemwaandikia" huku akiamini kabisa kwamba ametamka neno kama lilivyoandikwa. Hakuna herufi ya kupigia mstari hapo. Kilichotoka nyumbani ni muda.

Juu ya muda kuna wimbo, na hapa ndipo Kinyambo kinapovutia kuliko watu wake wenyewe wanavyodhani. Mwaka 1989 mwanaisimu Lee Bickmore aliandika tasnifu yake ya uzamivu, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kuhusu wimbo wa Kinyambo, na tangu hapo mifano ya lugha hii ya migombani imekuwa ikijadiliwa katika madarasa ya fonolojia mbali sana na Kagera. Alichokionyesha kinaweza kusikika kwenye kibaraza chochote cha Nkwenda. Neno "abakozi", yaani wafanyakazi, likisimama peke yake lina sauti ya juu kwenye "ko". Likifuatwa na "bakuru", ukiwa unawataja wafanyakazi wakubwa kwa umri, ile sauti ya juu ya neno la kwanza inazimika na inabaki ya neno la pili. Maneno yanayokaa kwenye kifungu kimoja hugawana kilele kimoja, na wa mbele humwachia wa nyuma. Profesa Josephat Rugemalira, aliyechapisha sarufi ya Runyambo mwaka 2005, ameiweka lugha hii kwenye maandishi kwa upana ambao lugha nyingi za Tanzania bado hazijaupata. Ningetamani kila mwalimu wa maigizo wa Kyerwa awe na kitabu hicho mezani.

Kwa mwigizaji maana yake ni hii. Mnyambo haweki wimbo neno moja baada ya jingine. Anaona mbele, anajua kifungu kinaishia wapi, na kilele anakiweka kwa kufuata mwisho huo. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kina mkazo wake usiohama, silabi ya pili kutoka mwisho, na kila neno la maana lina wa kwake. Mtu aliyekulia kwenye mfumo wa kwanza akiongea kwa mfumo wa pili huvibeba vifungu vyake pamoja naye. Anaweza kutamka kila neno la Kiswahili sawasawa na bado sentensi ikasikika ya Nkwenda, kwa sababu maneno ya mwanzo yamelala na la mwisho limeinuka. Msikilizaji hatajua kusema ni neno gani lililomtaja. Atasema tu: huyu ni wa Kagera.

Na kwa nini lafudhi hutoka kwenye hasira? Kwa sababu kuilinda lafudhi ni kazi, na kazi inahitaji mtu wa kuifanya. Mwigizaji aliye kwenye mazungumzo matulivu ana nafasi ya kujisikiliza: nusu ya akili yake inaigiza, nusu inamlindia ulimi. Mstari ukiwa wa hasira, wa kilio, wa kukimbia, au wa kusema huku umebeba ndoo kichwani, mlinzi anaitwa kwenda kusaidia kazi nyingine, na mlango unabaki wazi. Kuhesabu pia. Mwombe mwigizaji ahesabu noti jukwaani huku akibishana, usikie namba zinavyotoka. Hata kuita: mama anayemwita mtoto aliye mbali, jukwaani au nyumbani, huita kwa wimbo aliozaliwa nao, na "waitu!" inaweza kumtoka katikati ya matini ambayo haina neno hilo.

Watu wengi husikia maelezo haya na kusema: basi mwigizaji afundishwe kusema Kiswahili kisicho na lafudhi. Hakipo. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake mwaka 1930. Kazi hiyo ilikuwa hasa ya tahajia, msamiati, sarufi na vitabu vya shule. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lilirithi mzigo huohuo. Usanifu wa maandishi ulifika Karagwe. Sauti ya Mji Mkongwe wa Unguja haikufika, na haikuwa na njia ya kufika. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshatangulia zamani sana. Msafiri Mwingereza Speke alipoingia Karagwe mwaka 1861 kwenye utawala wa mfalme Rumanyika, alikuta wafanyabiashara waliotokana na pwani wana kituo chao Kafuro, na mazungumzo yake na wenyeji yalipita katika Kiswahili cha msafara. Kwa hiyo watu wa hapa wanakisema Kiswahili kwa namna yao kwa zaidi ya miaka 150. Sioni namna ya kuiita hiyo makosa.

Sauti ambayo Mtanzania anaichukulia kuwa haina kabila ilitengenezwa redioni. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa chombo cha taifa kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Watangazaji wa RTD walitoka kila pembe ya nchi, wakanyooshwa mbele ya maikrofoni mpaka wakapata mwendo mmoja: taratibu, wazi, kila silabi imelipwa haki yake. Ni Kiswahili kizuri sana. Ni Kiswahili cha kusoma. Hakuna mtu anayegombana na mkewe kwa sauti ya taarifa ya habari, na mchezo wa redio uliligundua hilo mapema kuliko filamu. Mwaka 1993 RTD ilipoanza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa uzazi wa mpango na UKIMWI ambao mhusika wake aliyevuma kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, msikilizaji hakuwa na uso wa kutazama wala nguo za kumwambia huyu ni nani. Alikuwa na sauti peke yake. Sauti zote zikisema kwa mwendo wa taarifa ya habari, mchezo umekufa.

Televisheni ilileta tatizo la upande wa pili. Tangu ITV ianze mwaka 1994, na kisha filamu za Bongo kuenea, lafudhi za bara zimekuwa na kazi moja tu kwenye skrini, ya kuchekesha. Msukuma ni mlinzi, Mmakonde naye ni mlinzi, Mchaga ana duka, Mhaya anajigamba na kuchomeka Kiingereza kila baada ya maneno matatu. Wachekeshaji wenyewe mara nyingi ni mafundi wa kweli. Kundi la Ze Comedy, baadaye Orijino Komedi, lilimpa umaarufu Emmanuel Mgaya kwa jina la Masanja, jina la Usukumani, na Mujuni Sylvery kwa jina la Mpoki, jina la Unyakyusa, ilhali Mujuni ni jina la kwetu Kagera. Majina ya jukwaani yalitoka mikoa mingine kabisa. Hilo linaonyesha uhuru mkubwa, na siuoni ubaya wake kwenye uchekeshaji. Ubaya unaanza pale mwigizaji wa tamthilia nzito anapoitwa kucheza mtu wa Kagera na akaenda kuchota kwenye kisima hichohicho cha vichekesho. Anatuletea majigambo na Kiingereza, anaviita lafudhi, na hajui hata kwamba mtu wa Nkwenda ni Mnyambo na kwamba kumwita Mhaya ni kumkosea. Kisha kwenye tukio la msiba vichekesho vinamwishia, Kiswahili cha Dar es Salaam kinarudi, na mhusika aliyekuwa wa Kyerwa dakika kumi zilizopita analia kwa sauti ya Sinza. Huko nako ni kuteleza, hata kama hakuna anayekuita hivyo.

Aliyeimudu kazi hii kuliko wote ninaowajua alikuwa jirani yetu wa Kenya. Benson Wanjau, Mzee Ojwang' Hatari wa Vitimbi, alicheza mzee wa Kijaluo kwenye televisheni ya taifa kwa zaidi ya miaka 30, akiwa na Mama Kayai, ambaye ni Mary Khavere. Alipofariki Julai 2015, Wakenya wengi ndipo walipojua kwamba mzee wao wa Kijaluo alikuwa Mkikuyu. Nimewasikia watu wakilisema hilo kwa mshangao tu na kupita. Mimi nataka tusimame hapo.

Fikiria kazi aliyokuwa akiifanya kinywani mwake. Kijaluo hakina sh wala z, kwa hiyo Mjaluo wa Vitimbi anaposema shida lazima itoke sida, na anaposema mzee lazima itoke msee. Hayo ni mambo ya kuongeza, na mwigaji yeyote wa mitaani anayaweza. Lakini Wanjau alikuwa na mambo ya kuzuia pia. Kikuyu kina r na hakina l ya Kiswahili. Ulimi uliokulia humo, ukichoka, husema rakini badala ya lakini. Kikuyu hupenda kutanguliza n au m mbele ya d na b. Kila mara Mzee Ojwang' alipokasirika, na Mzee Ojwang' alikasirika katika kila kipindi, kulikuwa na milango miwili ya kuangalia kwa wakati mmoja: wa Kijaluo ubaki wazi, wa Kikuyu ubaki umefungwa. Mlinzi niliyemtaja hapo juu, yule anayeitwa kusaidia kwingine hasira zikipanda, kwake hakuitwa. Sidhani kwamba alikuwa na mlinzi hodari kuliko wenzake. Nadhani baada ya miaka kadhaa hapakuwa tena na kitu cha kulinda. Alikuwa na hasira mbili, moja ya Wanjau na moja ya Ojwang', na kila moja ilikuwa na lugha yake ya kutokea.

Kuna njia nyingine, na mfano wake una jina la Kagera. Kizazi kilichokulia kwenye vibanda vya video kinamkumbuka Lufufu, yaani Kapteni mstaafu Derek Mukandala, aliyekuwa akizitafsiri filamu za Kihindi, za Hong Kong, za Marekani na za Nigeria kwa Kiswahili. Hakuwa na kundi la waigizaji. Alikuwa yeye na maikrofoni. Jambazi alikuwa Lufufu, polisi Lufufu, bibi harusi Lufufu, na katikati ya mazungumzo yao Lufufu alitoka pembeni akatueleza kwa nini yule baba amekasirika na kwamba tusubiri, kuna kitu kinakuja. Kanda zake zilifika mbali sana na Dar es Salaam alikofanyia kazi, mpaka kwenye vibanda vya bati vya miji midogo ambako jenereta lilikuwa likinguruma nje.

Kwa Lufufu hakuna aliyeuliza kama lafudhi imeponyoka, kwa sababu hakuifunga. Mnyapara wa Kichina na mpenzi wa Kimarekani walisema kwa sauti ya mzee mmoja wa Kitanzania mwenye umri wake, jeshi lake na mkoa wake, na watazamaji waliwaamini wote. Jambo hilo lingetakiwa kuwafikirisha wanaodai kwamba mtazamaji huvunjikiwa na mchezo akisikia sauti isiyolingana na sura. Mtazamaji huvunjikiwa pale anapokuwa ameahidiwa kitu kimoja na kupewa kingine. Lufufu alitoa ahadi yake katika sentensi ya kwanza: ni mimi ninayewasimulia. Akaitimiza mpaka mwisho wa kanda.

Ahadi hiyohiyo inaeleza yaliyotokea kwingine duniani. Sean Connery hakuiacha Scotland popote alipokwenda. Mwaka 1990, katika The Hunt for Red October, alikuwa nahodha wa nyambizi ya Kisovieti, na alisema kwa lafudhi ya Edinburgh kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu walikubali, maana hakuwahi kudai kingine. Dick Van Dyke, Mmarekani, alidai. Katika Mary Poppins ya mwaka 1964 alijaribu Kiingereza cha watu wa kawaida wa London, kikawa kinakuja na kuondoka, na mwaka 2017, zaidi ya nusu karne baadaye, alikuwa bado anawaomba Waingereza radhi. Forest Whitaker naye alidai na akalipa: kwa ajili ya kumcheza Idi Amin katika The Last King of Scotland alijifunza Kiswahili, akaenda Uganda, akakaa na watu waliomjua Amin. Alipata Oscar mwaka 2007. Sisi wa Kagera, ambao majeshi ya Amin yalivuka mpaka wetu Oktoba 1978, tuna haki ya kuwa wasikilizaji wagumu wa sauti hiyo, na naona Whitaker aliijua vizuri sehemu ile ambayo wengi huikosa: kicheko. Lafudhi iko ndani ya kicheko pia, na ndani ya pumzi inayovutwa kabla ya tusi.

Kuna jambo moja la kazi ambalo ningependa litumike katika vikundi vya shule na vya makanisa vya Kyerwa, kwa sababu halina gharama. Chukua mistari yote ya hasira, ya kilio na ya hofu katika matini. Mwigizaji aiseme kwanza kwa Kinyambo, kwa maneno yake mwenyewe, mara nyingi atakavyo, mpaka mwili ukubali: mikono, mabega, mahali pa kuvuta pumzi. Tamaduni za huku zina watu wanaoijua kazi ya kubeba sauti nyingi kwa lugha yao; wapiga enanga, ala ya nyuzi, ambao Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwenyewe mwana wa Kagera, amewatafiti kwa miaka mingi, huimba tenzi ndefu za mashujaa na watawala huku kila mhusika akipewa namna yake ya kusema. Baada ya hapo ndipo mstari urudishwe kwenye Kiswahili. Sasa mwigizaji anajua kilele cha kifungu kilikuwa wapi. Ana uamuzi wa kufanya, na anaufanya akiwa macho.

Uamuzi wenyewe unategemea swali ambalo waongozaji wengi hawaliulizi: huyu mtu tunayemcheza alizaliwa wapi, na Kiswahili alijifunzia wapi? Daktari katika igizo kuhusu malaria si lazima aseme kama mtangazaji. Kama alizaliwa Nkwenda, akasoma seminari, akaenda Muhimbili na kurudi, Kiswahili chake kina tabaka tatu, na ile ya chini kabisa itatoka mtoto atakapokuwa anamfia mikononi. Mwongozaji akilijua hilo hatamkatiza kijana wake kwenye tukio hilo ili kumsahihishia dh. Atamkatiza akiwa anasoma cheti cha dawa, mahali ambapo daktari angekuwa makini. Lakini kama mhusika ni karani wa Kizanzibari aliyehamishiwa Bukoba, hapo hakuna huruma. Mstari wa hasira ndio unaotakiwa kufanyiwa mazoezi kuliko mingine yote, kila siku, mwanzoni mwa mazoezi wakati mwigizaji ana nguvu, na arudie akiwa anapanda ngazi, akiwa amebeba mzigo, akiwa anahesabu. Kumsahihisha akiwa amekaa kwenye kiti na karatasi mkononi ni kumsahihishia tukio ambalo halikuwa na shida.

Na mwigizaji wa Dar es Salaam anayekuja kumcheza mkulima wa kahawa wa Kyerwa, namwomba asianze na wachekeshaji, na asiridhike na kufundishwa salamu mbili za Kinyambo hotelini. Aje msimu wa kahawa. Akae kwenye chama cha msingi, karibu na mizani, siku ambayo wakulima wanaambiwa bei na hawaikubali. Watabishana kwa Kiswahili na karani, kwa Kinyambo wao kwa wao, na kwa lugha zote mbili ndani ya sentensi moja bei inapokuwa mbaya sana. Asikilize jinsi maneno ya mwanzo yanavyolala na la mwisho linavyoinuka. Asikilize wanavyozitaja kilo. Salamu atajifunza jioni.